Nani Aliyeichoma Seney?

Katika ramani ya jimbo la Michigan, nchini Marekani, umo mto uitwao Two Hearted. Unapita kaskazini-mashariki mwa Rasi ya Juu na kumwaga maji yake katika Ziwa Superior. Ernest Hemingway alilitwaa jina la mto huo, akaliongezea neno moja, akaiita hadithi yake "Big Two-Hearted River". Lakini msomaji akishuka pale anaposhuka kijana Nick Adams katika hadithi hiyo, yaani Seney, mto huo hataukuta. Ataukuta mto Fox, unaoelekea kusini, ukaungana na mto Manistique na kuishia Ziwa Michigan, upande mwingine kabisa wa rasi. Mwandishi mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakukosea wala hakuzembea. Alilibadili jina kwa sababu lile la Two-Hearted lilikuwa na ushairi ndani yake.

Wahakiki wengi wameridhika na maelezo hayo, nami sina ugomvi nayo. Katika yote aliyoyabadili Hemingway, jina la mto ndilo dogo kuliko yote. Kubwa ni moto.

Hadithi yenyewe haina mambo mengi. Kijana anashuka garimoshi na mzigo wake, anatazama huku na huku kuutafuta mji, na mji haupo. Baa kumi na tatu zilizokuwa zimejipanga katika barabara yake moja zimetoweka. Ya hoteli umebaki msingi wa mawe yaliyopasuka kwa joto. Hata udongo umeungua. Panzi anaowakuta njiani ni weusi, na baada ya kumchunguza mmoja anatambua kwamba weusi ule wameupata kwa kuishi katika nchi iliyoungua. Kisha anatembea mpaka aupite ukingo wa eneo lililochomeka, anapiga hema, anapika, analala, na kesho yake anavua samaki. Basi. Hakuna mtu wa pili, na vita havitajwi hata mara moja.

Hata hivyo vita ndivyo vilivyokuja kutawala usomaji wake. Usiku wa tarehe 8 Julai 1918, akiwa bado hajatimiza miaka 19, Hemingway alijeruhiwa na kombora huko Fossalta di Piave, Italia, alikokuwa akitumika katika Msalaba Mwekundu wa Marekani. Katika kumbukumbu zake za Paris alisema wazi kwamba hadithi hii ilihusu kurudi kutoka vitani, ingawa vita vyenyewe hakuviweka ndani. Tangu Malcolm Cowley alipoandika kuihusu mwaka 1944, na Philip Young mwaka 1952, tafsiri imekuwa hiyo: nchi iliyoungua ni nafsi ya kijana iliyoungua. Ni tafsiri nzuri, na mwandishi mwenyewe ameitia muhuri. Ila ina kasoro moja ambayo mtu wa historia hawezi kuipita kimya. Inaufanya moto uwe mali ya Nick, ilhali moto wa Seney ulikuwa na wenyewe kabla Nick hajazaliwa.

Tuanze na safari ya kweli. Mwishoni mwa Agosti 1919, Hemingway na rafiki zake wawili walipanda garimoshi hadi Seney, wakapiga kambi na kuvua samaki aina ya trauti katika mto Fox. Seney ya mwaka huo haikuwa majivu matupu. Stesheni ilikuwapo, na watu wachache walikuwa wakiishi hapo, kama wanavyoishi hadi leo. Miaka mitano baadaye, akiwa Paris, kijana huyohuyo aliketi kuandika. Rafiki zake wawili akawafuta. Wakazi akawafuta. Majengo machache yaliyosalia akayateketeza kwa kalamu. Kilichobaki ni mtu mmoja, mto mmoja, na nchi isiyo na mtu. Hadithi ikachapishwa mwaka 1925, na vizazi vya wasomaji wakaamini kwamba hivyo ndivyo nchi ile ilivyo kwa asili yake.

Sivyo ilivyokuwa. Katika theluthi ya mwisho ya karne ya 19, Michigan iliongoza majimbo yote ya Marekani kwa uzalishaji wa mbao. Msonobari mweupe wa misitu yake ulijenga Chicago, na baada ya Chicago kuungua ukaijenga tena. Ulijenga pia nyumba, mazizi na maghala ya wakulima waliokuwa wakimiminika kwenye nyanda za magharibi zisizo na miti. Wakataji waliimaliza misitu ya kusini, wakapanda kaskazini. Reli ilipofika mashariki mwa Rasi ya Juu mwanzoni mwa miaka ya 1880, Seney ikachipuka kama uyoga: kambi, baa, nyumba za kulala wageni, na wanaume waliokatisha majira ya baridi porini wakiangusha miti na kuyaburuta magogo juu ya barafu. Majira ya kuchipua yalipofika, barafu ikayeyuka, na magogo yakasukumwa mtoni, yakaelea kwa mto Fox na Manistique hadi kwenye viwanda vya kupasulia mbao. Huo ndio mto wa Nick. Kabla ya kuwa mahali pa kutibia nafsi, ulikuwa barabara ya magogo.

Namna ya ukataji ndiyo inayoeleza moto. Kampuni zilihitaji shina. Matawi, vilele na maganda viliachwa chini, vikakauka kwa miezi na miaka mpaka nchi nzima ikawa kama kuni zilizopangwa tayari kwa kiberiti. Baada ya hapo ilitosha cheche ya garimoshi, au mkulima anayesafisha shamba lake siku ya upepo. Tarehe 8 Oktoba 1871, usiku uleule Chicago ilipokuwa ikiungua, moto uliteketeza miji ya Michigan, na ng'ambo katika jimbo la Wisconsin ukauangamiza mji wa Peshtigo pamoja na watu zaidi ya 1,000. Michigan iliungua tena vibaya mwaka 1881, na tena mwaka 1908. Seney nayo ilipata zamu yake katika miaka ya 1890. Moto wa aina hii hauli majani tu. Hushuka mpaka kwenye tabaka la juu la udongo, ambalo ndilo lenye rutuba na mbegu, na kinachobaki ni mchanga. Ndiyo sababu kuna mahali katika eneo lile, kama vile Nyanda za Kingston, ambapo visiki vya msonobari vingali vimesimama wazi, zaidi ya miaka mia moja baada ya shoka la mwisho.

Misonobari ilipokwisha, kampuni zilihama. Sehemu kubwa ya ardhi inayoizunguka Seney ni kinamasi, na wakatokea wafanyabiashara wa ardhi waliochimba maili nyingi za mitaro ya kukausha maji, wakaviuza viwanja kwa wakulima kwa ahadi tele za mavuno. Ahadi zilikuwa hewa. Udongo haukuzaa. Mmoja baada ya mwingine wakulima waliyaacha mashamba, na ardhi ikarudi mikononi mwa serikali ya jimbo kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeitaka. Mwaka 1935 serikali ya shirikisho iliifanya hifadhi ya wanyamapori. Leo mgeni anayekwenda Seney anasoma kibao cha hifadhi, anaona bata na korongo juu ya maji, na kama hakuandaliwa ataondoka akidhani ameona maumbile ya tangu na tangu. Ameona mabaki ya biashara mbili zilizofilisika.

Sasa swali la pili, ambalo kwangu ndilo la kwanza. Msitu ule ulikuwa wa nani kabla ya shoka?

Wilaya ambamo Seney imo inaitwa Schoolcraft. Jina hilo ni la Henry Rowe Schoolcraft, ofisa wa serikali ya Marekani aliyesimamia mambo ya wenyeji wa asili katika eneo la Maziwa Makuu ya huko. Tarehe 28 Machi 1836, mjini Washington, ndiye aliyeiwakilisha serikali kutia saini mkataba ambao kwa huo Waodawa na Waojibwe waliachia zaidi ya ekari milioni 13, ambazo ni zaidi ya theluthi moja ya Michigan ya leo. Mto Fox umo ndani yake. Wazee walitia saini wakijua kwamba wametengewa maeneo yao ya kudumu. Mkataba ulipofika Baraza la Seneti, neno la kudumu likaondolewa na mahali pake ikawekwa miaka mitano. Watumishi wa umma wanaosoma hapa watanielewa nikisema kwamba katika historia ya ardhi mengi huamuliwa hivyo, katika rasimu ya pili, wakati wahusika wamekwisha kurudi makwao.

Schoolcraft hakuwa karani tu. Mkewe, Jane Johnston, aliyezaliwa Sault Ste. Marie, alikuwa binti wa mama Mwojibwe na baba mfanyabiashara kutoka Ireland, na alikuwa mshairi kwa Kiojibwe na kwa Kiingereza. Kwa msaada wake na wa ndugu zake, Schoolcraft alikusanya ngano za watu hao na kuzichapisha mwaka 1839, miaka mitatu tu baada ya mkataba. Henry Longfellow akachota humo alipotunga utenzi wake maarufu wa Hiawatha, uliotoka mwaka 1855, ambao mandhari yake ni ufuo wa Ziwa Superior, ziwa ambalo Longfellow hakuwahi kulitembelea. Tazama basi jinsi mambo yalivyopangwa: meza moja ilipokea hati ya ardhi, na meza hiyohiyo ikatoa ngano za wenye ardhi ziende kuwa fasihi ya taifa jipya. Wenyewe wakabaki katika utenzi, wakiwa wamependeza na wakiwa wameondoka.

Hemingway, kwa haki yake, hakuwaondoa wote. Nyumba ya mapumziko ya wazazi wake ilikuwa kando ya Ziwa Walloon, katika Rasi ya Chini, nayo ardhi hiyo imo katika mkataba uleule wa 1836. Alipokuwa mtoto aliwaona Waojibwe wakiishi katika vibanda vya wachunaji wa magome. Walikuwa wakilipwa kuchuna magome ya mti uitwao hemloki, yaliyotumika katika viwanda vya kutengeneza ngozi. Wajukuu wa waliotia saini walikuwa vibarua katika msitu wa babu zao. Vibanda hivyo ndivyo anavyoviendea Nick akiwa mtoto katika "Indian Camp", pamoja na baba yake daktari.

Lakini hadithi ninayowaomba wanafunzi waisome mara mbili ni ile ya daktari na mkewe, "The Doctor and the Doctor's Wife". Daktari amemwita Dick Boulton, mtu mwenye asili ya Kiojibwe, aje kukata magogo yaliyookotwa ufukweni. Magogo hayo yamechopoka kutoka katika yale yanayofungwa pamoja na kukokotwa na meli hadi kiwandani. Dick anataka gogo moja lioshwe, anautazama muhuri wa nyundo uliopigwa kwenye ncha yake, anaisoma alama ya kampuni, na kumwambia daktari kwamba mbao zake ni za wizi. Daktari anakasirika, anatishia, kisha anarudi ndani akiwa ameshindwa. Kwa mkewe anaeleza kwamba Dick alitafuta ugomvi ili asilipe deni la matibabu kwa kazi. Wahakiki wameandika mengi juu ya fedheha ya baba mbele ya mwanawe. Mimi huona jambo jingine. Katika nchi ambayo msitu mzima ulichukuliwa kwa hati iliyobadilishwa njiani, anayesimama na kulitamka neno wizi ni Mwojibwe, na analitamka kwa kutetea mali ya kampuni ya mbao. Sidhani kama kuna kejeli kali kuliko hiyo katika hadithi zote za Hemingway, wala sina hakika kama aliikusudia.

Tabia hii si ya Hemingway peke yake. Stephen Crane alinusurika meli Commodore ilipozama karibu na Florida tarehe 2 Januari 1897, akafika ufukwe wa Daytona katika mtumbwi mdogo. "The Open Boat", iliyotoka mwaka huohuo, inaeleza mawimbi kwa ustadi usio na kifani. Haielezi kwamba meli ilikuwa imepakia silaha kwa ajili ya wapiganaji wa Cuba waliokuwa wakipigania uhuru dhidi ya Hispania. Jack London naye alikaa majira ya baridi ya 1897 na 1898 katika mkoa wa Klondike, Kanada, akitafuta dhahabu na kuambulia kiseyeye. "To Build a Fire" ya mwaka 1908 imejengwa juu ya vijito alivyovijua. Baridi yake ni ya kweli kabisa. Wahän, ambao kijiji chao cha uvuvi kwenye mdomo wa mto Klondike kilivamiwa na watafuta dhahabu hata wakahamia Moosehide, hawamo. Katika hadithi hizi binadamu hupambana na maumbile, si na binadamu mwenzake.

Nisingeigusa Tanganyika katika makala haya kama Hemingway mwenyewe asingekuja. Alitua Mombasa Desemba 1933 pamoja na mkewe, Pauline, kwa gharama ya dola 25,000 zilizotolewa na ami yake Pauline. Kiongozi wao wa uwindaji alikuwa Philip Percival, mlowezi wa Machakos. Januari 1934, akiwa Serengeti, Hemingway alipatwa na ugonjwa wa kuhara damu, akasafirishwa kwa ndege ndogo hadi Nairobi kupitia Arusha, Kilimanjaro ikionekana njiani. Ndege ile na mlima ule vilizaa "The Snows of Kilimanjaro" ya mwaka 1936. Hata chui aliyeganda anayetajwa mwanzoni mwa hadithi alikuwapo: Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri, alimwona na kumpiga picha karibu na kilele mwaka 1926.

Katika kitabu cha safari hiyo, Hemingway anamweleza kwa kirefu mbeba bunduki wake, M'Cola, mtu mwenye mzaha, maarifa na hasira zake. Katika hadithi ya mlima, mtu wa namna hiyo hayupo. Yupo Molo, anayeitwa alete wiski, na kuitika bwana. Yupo dereva Mkikuyu asiyeonekana, anayelaumiwa kwa kuunguza mtambo wa gari. Kwa mara nyingine nyika ni ya mtu mmoja na kifo chake.

Nyika ile nayo ilikuwa na hati zake. Mwaka 1895 amri ya Kaisari wa Ujerumani iliitangaza ardhi isiyo na mwenyewe kuwa ya dola, na dola ndiyo iliyoamua nani ni mwenyewe. Waingereza wakaifanya yote kuwa ardhi ya umma kwa sheria ya 1923. Na utupu uliowapendeza wawindaji ulikuwa na tarehe. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, muongo uleule Seney ilipoungua, sotoka iliwaangamiza ng'ombe wa Wamasai, ikafuatwa na njaa na ndui. Mwaka 1892 Oscar Baumann aliwakuta Wamasai wa Ngorongoro wakiwa mifupa inayotembea. Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alionyesha katika kitabu chake cha 1977 jinsi pori, wanyama na mbung'o walivyoyameza maeneo ambayo kabla ya hapo yalilishiwa mifugo na kulimwa. Kwa hiyo aliyekuja na bunduki katika miaka ya 1930 aliona pori lililoongezeka baada ya maafa, akaliita la asili. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Wamasai wakatolewa humo na kuelekezwa Ngorongoro. Anayefuatilia mjadala wa Ngorongoro hahitaji nimwongezee neno hapa.

Huko Michigan shauri halikuishia 1836. Mkataba ule, pamoja na kasoro zake, ulikuwa na kifungu cha 13: wenyeji wangeendelea kuwinda katika ardhi waliyoiachia, na kuitumia kama walivyozoea, mpaka itakapohitajika kwa makazi ya walowezi. Kwa miaka mingi askari wa wanyamapori waliwakamata watu kana kwamba kifungu hicho hakijaandikwa. Mwaka 1979 Jaji Noel Fox wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba haki ya kuvua katika Maziwa Makuu haikufa. Mwaka 2007 jimbo la Michigan na makabila matano yalifikia makubaliano, yakaidhinishwa na mahakama, kwamba haki hizo zinaendelea pia katika mito na misitu ya bara, hasa kwenye ardhi ya umma. Ardhi ya umma katika eneo la Seney ni nyingi, kwa sababu msonobari uliisha, mashamba yakashindwa, na walowezi hawakukaa. Mwojibwe anayeshuka leo na ndoano yake kwenye mto Fox anavua kwa mujibu wa mkataba ule.